Kutoka Würzburg hadi Hamburg: safari ya mpiga eksirei kwa waliotangulia

Nimerudi Mwanza, picha nimezipanga, na daftari nililokuwa nikiandika kwenye treni nimelisoma upya mara kadhaa. Kazini wananiuliza kwa nini mtu atumie likizo na akiba yake kwenda Ujerumani kutazama maabara ya zamani, kaburi na jiwe la ukumbusho lililo nyuma ya hospitali. Nitajibu kwa kuieleza safari yenyewe.

Mimi ni mtaalamu wa mionzi katika hospitali ya wilaya kando ya ziwa. Chuoni tulipewa sentensi moja kuhusu Wilhelm Conrad Röntgen: aligundua miale ya eksi mwaka 1895. Mtihani ukapita, sentensi ikabaki. Kuhusu waliofuata, walioitoa miale ile kwenye maabara ya fizikia wakaipeleka kwa wagonjwa, hatukuambiwa hata jina. Mimi naamini kazi hii inawadai watu hao zaidi ya hapo.

Jumamosi, 5 Aprili. Mwanza, Dar es Salaam, Frankfurt

Safari ya ndege haina la kusimulia isipokuwa baridi iliyonipokea asubuhi na binamu yangu aliyekuja na koti la ziada. Niseme ya karatasi kwanza, kwa wanaofikiria kwenda. Ada ya viza ya Schengen ilikuwa euro 90, nami nilikuwa nikihesabu euro moja kwa karibu shilingi 3,000. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Barua ya mwajiri inayosema una likizo na una kazi ya kurudia iandaliwe mapema, na tarehe zake zilingane na za tiketi.

La pili ni usafiri. Wajerumani wana tiketi ya mwezi mzima inayokuruhusu kupanda treni zote za mikoa, mabasi na treni za mjini nchi nzima. Nilipokwenda ilikuwa euro 58. Treni za mwendo kasi haikubali, kwa hiyo safari zinakuwa ndefu, lakini kwa mtu wa kipato changu hakuna kitu kinachoikaribia. Ni ya kujiunga na inajirudia yenyewe kila mwezi, kwa hiyo kama huitaki mwezi unaofuata uisitishe kabla ya tarehe 10. Binamu alinisaidia kuinunua na kuisitisha siku hiyo hiyo.

Jumatatu, 7 Aprili. Frankfurt hadi Würzburg

Treni ya saa mbili hivi kupitia Aschaffenburg na misitu ya Spessart. Miti ilikuwa inaanza kutoa majani. Mbele yangu alikaa bibi mwenye kikapu cha mayai yaliyopakwa rangi kwa ajili ya Pasaka. Aliponiona natazama akanipa moja, akanionyesha kwa vidole jinsi ya kulibandua. Kijerumani changu ni cha salamu tu, chake cha Kiingereza hakikuwepo, na tulielewana vizuri.

Jengo nililolifuata lipo Röntgenring namba 8, kama dakika kumi kwa miguu kutoka kituo cha treni. Enzi za Röntgen mtaa uliitwa Pleicherring. Jina la sasa ulipewa mwaka 1909. Zamani ilikuwa taasisi ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Würzburg, na Röntgen aliishi humo humo, ghorofa ya juu. Sasa vyumba vya chini vimehifadhiwa kama kumbukumbu. Kuingia ni bure. Nenda siku ya kazi, na uthibitishe saa kabla hujatoka.

Nilifika nikiwa peke yangu. Kuna koili kubwa ya umeme, mirija ya kioo iliyotolewa hewa, na mezani vifaa vya aina aliyoitumia. Nilisimama hapo muda mrefu. Röntgen hakuwa akitafuta mifupa. Alikuwa akirudia majaribio ya mwanafizika Philipp Lenard kuhusu miale ya kathodi (mkondo wa elektroni ndani ya mrija uliotolewa hewa), na mrija wake alikuwa ameufunika kwa kadibodi nyeusi ili mwanga usitoke. Ijumaa jioni, 8 Novemba 1895, kwenye chumba chenye giza, akaona skrini iliyopakwa chumvi ya bariamu na platini inang'aa. Miale ya kathodi haisafiri hewani zaidi ya sentimita chache, lakini skrini yake iliendelea kung'aa hata alipoisogeza mita 2. Kitu kingine kilikuwa kinatoka mle.

Majuma yaliyofuata alijifungia kazini. Aliweka mbele ya mrija kitabu cha kurasa 1,000, mbao, karata, alumini, maji, kimoja baada ya kingine. Tarehe 22 Desemba akamwita mkewe, Bertha, aweke mkono juu ya bamba la picha. Inasemekana alikaa bila kutikisika kwa karibu dakika 15. Mimi mgonjwa akivuta pumzi vibaya kwa nusu sekunde narudia picha. Mkono ule, wenye pete iliyosimama kama inaelea kwenye mfupa, ni mkono wa mgonjwa wa kwanza wa kazi yetu, na hakuwa mgonjwa.

Makala yake aliikabidhi tarehe 28 Desemba, na siku ya mwaka mpya akatuma nakala na picha kwa wanafizika aliowafahamu. Tarehe 5 Januari 1896 gazeti la Vienna likaitangaza habari, na mwezi huo huo madaktari wa Ulaya walikuwa wanatafuta sindano na risasi za bunduki ndani ya miili ya watu.

Kwenye makala ile kuna jambo ambalo wenzangu wa fani watalielewa mara moja. Röntgen aliandika kwamba madini ya risasi yenye unene wa milimita 1.5 yanazuia karibu miale yote. Aproni yangu kazini ina kinga ya nusu milimita ya risasi. Yaani dawa ya kujikinga ilichapishwa siku ile ile miale ilipotangazwa, kabla hajaumia mtu hata mmoja. Mbona basi waliumia wengi? Niliandika swali hilo daftarini, nikaliwekea mstari chini.

Wakati naandika, mzee anayeangalia mahali pale alinijia akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Mwanza, akapiga makofi mara moja, kwa furaha. Würzburg na Mwanza ni miji dada tangu 1966, na Chuo Kikuu cha Würzburg kina ushirikiano wa miaka mingi na hospitali yetu ya Bugando. Yeye mwenyewe hajafika kwetu, ila jirani yake alifanya kazi Mwanza miaka kadhaa na bado ana picha ya mawe ya ziwani ukutani. Akaniambia nikae ninavyotaka. Akanipeleka kwenye ukumbi wa mihadhara, wenye viti vya mbao vinavyopanda kama ngazi, akaniacha.

Humo ndimo Röntgen alitoa mhadhara wake tarehe 23 Januari 1896, wa pekee aliowahi kutoa hadharani kuhusu ugunduzi huu. Mwishoni aliomba kupiga picha mkono wa Albert von Kölliker, mwalimu wa anatomia, mzee wa miaka 78. Picha ilipooneshwa ukumbi ulilipuka kwa shangwe, na Kölliker akapendekeza miale iitwe kwa jina la Röntgen. Wajerumani mpaka leo wanasema wanakwenda "kupigwa Röntgen". Mwenyewe aliendelea kuiita miale ya eksi, kwa kuwa hakuijua asili yake.

Jioni niliteremka hadi daraja la zamani la mto Main, ambako watu husimama na glasi za mvinyo wakitazama jua likishuka nyuma ya ngome ya Marienberg. Mimi nilikula samaki wadogo wa mtoni waliokaangwa wazima, wenyeji wanawaita Meefischli. Mtu wa Mwanza hahitaji maelezo: ni dagaa wa Würzburg, na kama wangekuwa na pilipili na ndimu ningeomba sahani ya pili. Nililipa euro 14 pamoja na maji. Kitanda kwenye hosteli ya vijana, chumba cha watu wanne, euro 38 na kifungua kinywa.

Jumanne, 8 Aprili. Würzburg bado

Mvua. Nilirudi Röntgenring asubuhi, kwa sababu jana sikuelewa jambo moja na mzee alikuwa ameahidi kunieleza. Lilihusu sanduku. Röntgen alijitengenezea kibanda cha bati la zinki, kikubwa kiasi cha mtu kuingia na kusimama ndani. Mrija ulikuwa nje, upande mmoja ukiwa na dirisha dogo la alumini la kupitishia miale na bamba la risasi pembeni. Alikitaka ili apate giza na ili mabamba yake ya picha yasiharibike. Mwili wake ukapona kwa bahati hiyo. Alikufa mwaka 1923, akiwa na miaka 77, kwa saratani ya utumbo ambayo kwa kawaida haihusishwi na kazi yake, maana alifanya utafiti wa miale hii kwa muda mfupi tu kisha akaandika makala tatu na kurudi kwenye fizikia yake nyingine.

Makampuni yalimfuata kutaka hati miliki. Alikataa. Aliamini ugunduzi huo ni wa watu wote. Fedha za Tuzo ya Nobel ya 1901, ya kwanza kabisa ya fizikia, alikiachia chuo hiki, na mfumuko wa bei wa baada ya vita ukazimeza. Huwa nafikiria mashine yetu, yenye rangi iliyobanduka, ikipiga kifua cha mtoto wa mvuvi kwa ada anayoweza kuilipa baba yake. Kukataa kule kulifika hadi kwetu.

Kidokezo: mtu anayependa kazi hii atenge nusu siku nzima hapa, asije mbio mbio kati ya treni mbili. Na abebe chakula, kwa maana karibu na pale bei ni za mjini.

Jumatano, 9 Aprili. Giessen

Treni ilichelewa, nikakosa ya kuunganisha Frankfurt, nikala mkate na jibini kwenye ngazi za kituo. Saa tatu zikawa tano. Programu ya treni kwenye simu hukuambia jukwaa likibadilishwa, lakini nilijifunza kuwafuata wenyeji kwa macho: wakianza kutembea wote kwa pamoja, nawe tembea.

Giessen haina mengi ya kumvuta mgeni, na ndiyo maana niliipenda. Röntgen alifundisha hapa kuanzia 1879 hadi 1888. Wanafizika wanamkumbuka kwa jaribio alilolifanya hapa, la umeme unaozalishwa na kitu kisichopitisha umeme kikizunguka kwenye uga wa umeme. Mwanafizika Lorentz aliuita mkondo wa Röntgen. Mwenyewe alikuwa mtu wa vipimo, mkimya, mwenye subira ya ajabu. Anayesema aligundua kwa bahati na aende Giessen ahesabu miaka ya vipimo iliyotangulia jioni ile moja.

Makaburi ya zamani, Alter Friedhof, yako kando ya barabara ya Licher Straße, chini ya miti mikubwa. Nilizunguka sana bila kuliona kaburi. Mama mmoja aliyekuwa anamwagilia maua akaweka ndoo chini, akaniuliza neno moja tu: "Röntgen?" Nikaitikia kwa kichwa. Akanishika mkono kabisa, kama mtu anayemvusha mgeni barabara, akanipeleka. Amezikwa na wazazi wake na Bertha, aliyetangulia mwaka 1919. Kaburi ni la kawaida, la familia. Hakuna kitu kinachokuambia kwamba aliyelala hapo ndiye aliyewezesha daktari kuona ndani ya mtu bila kisu. Mama yule akanionyesha goti lake, akafanya ishara ya picha, akacheka. Amepigwa eksirei hivi karibuni.

Kwa wosia wake, daftari na barua zake nyingi za kazi zilichomwa moto. Kwa mtu anayependa historia hilo linauma. Ya jioni ile ya Novemba tunayajua kwa machache aliyoyaandika na machache aliyomwambia mwandishi wa habari.

Alhamisi, 10 Aprili. Giessen, Siegen, Köln, Wuppertal

Siku ya kukaa kwenye treni. Jambo la kukumbuka ni moja: baada ya Solingen, treni ndogo ya S7 inavuka daraja la Müngsten, lililofunguliwa 1897, mita 107 juu ya mto Wupper, refu kwenda juu kuliko madaraja yote ya reli Ujerumani. Kaa upande wa dirisha. Kijana aliyekuwa amelala karibu nami aliamka sekunde chache kabla, akaniambia "sasa", kisha akalala tena tulipofika ng'ambo.

Wuppertal nililala kwa mwanafunzi kutoka Bukavu, rafiki wa binamu. Tulipika ugali wa unga wa mahindi alioununua duka la Waafrika, na kunde. Kiswahili chake cha Kivu na changu cha Kanda ya Ziwa vilipatana vizuri hadi saa sita usiku. Hakukubali nilipie chochote. Asubuhi alinipandisha kwenye treni ya mjini inayoning'inia juu ya mto, inayofanya kazi tangu 1901, akasema mgeni asipoipanda Wuppertal inamnunia.

Ijumaa, 11 Aprili. Lennep

Lennep sasa ni sehemu ya mji wa Remscheid. Nyumba za katikati zimevikwa mawe meusi ya vigae ukutani, madirisha meupe yenye vifuniko vya kijani. Röntgen alizaliwa hapa tarehe 27 Machi 1845, mwana pekee wa mfanyabiashara wa vitambaa, na nyumba yenyewe, Gänsemarkt namba 1, bado imesimama na imekarabatiwa vizuri. Alipokuwa na miaka mitatu familia ilihamia Apeldoorn, Uholanzi, kwenye ndugu wa mama.

Kisa cha shule yake ya Utrecht, huko huko Uholanzi, nilikuwa nakijua, lakini kukisoma kwenye kuta za makumbusho kulinigusa upya. Mwanafunzi mmoja alimchora mwalimu kwa dhihaka. Röntgen alikamatiwa hapo, akatakiwa amtaje mchoraji, akakataa, akafukuzwa shule. Kwa kukosa cheti hicho alihangaika miaka. Zürich ilimpokea kwa mtihani wa kuingilia bila kudai cheti, akapata stashahada ya uhandisi 1868 na udaktari 1869. Würzburg, chuo kile kile ambacho baadaye alikuwa mkuu wake, awali kilimnyima nafasi ya kufundisha kwa sababu ya cheti cha sekondari. Wanafunzi wetu waliokwama kwa alama moja ya kidato cha nne wangesimuliwa hili.

Makumbusho ya Röntgen ya Ujerumani yalifunguliwa 1932 na yako hatua chache kutoka nyumba hiyo. Kuna mirija ya kila enzi, vyumba vya eksirei vya zamani vilivyopangwa upya, na mashine ya dukani ambayo mteja aliingiza miguu akaona mifupa yake ndani ya kiatu. Mashine za namna hiyo zilitumika madukani miongo mingi, watoto wakiruka juu yake kwa furaha. Niliishiwa maneno mbele yake. Hakuna aliyewadhuru kwa makusudi. Kitu kisichouma, kisichonuka, kisichoonekana, nani angekiogopa?

Hapo swali langu la Würzburg lilianza kupata jibu. Kwenye chumba kimoja kuna maelezo ya jinsi wapiga picha wa mwanzo walivyofanya kazi. Mirija ya gesi haikuwa na tabia moja. Leo mwale ni mkali, kesho hafifu, kufuatana na gesi iliyobaki ndani. Hapakuwa na namba ya kusoma kwenye mashine. Kwa hiyo kabla ya mgonjwa, mpiga picha aliweka mkono wake mwenyewe kati ya mrija na skrini. Mifupa ikionekana vizuri, mrija uko tayari. Kila mgonjwa, kila siku, mkono ule ule.

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi. Mzee aliyenifundisha kazi, aliyestaafu zamani, alikuwa akitupigia kelele tukichungulia nje ya ngao: "Unataka kumwona nani?" Sikuwahi kujua ukali ule umetoka wapi.

Ushauri: vyumba vya makumbusho ni vingi, na sehemu kubwa ya maelezo ni ya Kijerumani. Programu ya simu ya kutafsiri kwa kamera ilinisaidia sana. Chaji simu kabla.

Jumamosi, 12 Aprili. Wuppertal hadi Hamburg

Münster, Osnabrück, Bremen, Hamburg, treni baada ya treni, kutwa nzima. Osnabrück tulikaa zaidi ya saa moja bila kuondoka. Baba mmoja aliyesafiri na mabinti wawili akagawa machungwa behewa zima, nami nikapata mawili. Nilifika usiku. Kitanda cha hosteli karibu na kituo kikuu kilikuwa euro 45, bei ya wikiendi.

Jumapili, 13 Aprili. Hamburg, St. Georg

Hamburg ni mji dada wa Dar es Salaam tangu 2010. Mtaa wa St. Georg uko nyuma ya kituo kikuu, wenye misikiti, migahawa ya Kituruki na ya Kiafghani, na maduka ya viungo. Nilikunywa chai ya rangi na mkate wa moto kwa euro 5. Jumapili maduka mengi Ujerumani hufungwa, kwa hiyo nunua mahitaji Jumamosi. Migahawa ya mtaa huu lakini ilikuwa wazi.

Hospitali ya St. Georg iko kando ya kituo cha treni ya chini cha Lohmühlenstraße. Hapa alifanya kazi Heinrich Albers-Schönberg, mzaliwa wa Hamburg wa mwaka 1865, mtu niliyemfuata kote huku. Mwaka 1897, miaka miwili tu baada ya Würzburg, yeye na mwenzake Georg Deycke walifungua taasisi ya eksirei mjini hapa na kuanzisha jarida la fani ambalo linachapishwa hadi leo. Mwaka 1903 akawa mkuu wa idara ya eksirei ya hospitali hii. Alitengeneza mrija wa kubana uliopunguza miale inayotawanyika, na picha zikawa safi. Kila tunapofunga dirisha la mwale lilingane na sehemu tunayoipiga, tunafuata wazo lake. Mwaka 1904 alieleza ugonjwa wa mifupa inayokuwa mizito kama marumaru, na ugonjwa huo unabeba jina lake vitabuni. Mwaka 1905 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Chama cha Röntgen cha Ujerumani, na 1919 chuo kikuu kipya cha Hamburg kikampa uprofesa wa fani hii, jambo ambalo halikuwa la kawaida mahali popote.

Na mwaka 1903 alifanya jaribio la sungura. Aliwaweka sungura na simbilisi (guinea pig) madume chini ya miale. Walionekana wazima, wakala, wakakimbia, lakini hawakuzalisha tena. Mbegu zilikuwa zimekufa. Ndipo watu walipojua kwamba miale inaweza kuharibu ndani ya mwili bila kuacha alama kwenye ngozi. Swali ninalomuuliza kila mama kabla ya picha, kama anadhani ana ujauzito, na mlango ninaoufunga kabla ya kubonyeza, vinaanzia kwenye banda la sungura wale.

Alijua, basi. Aliandika kuhusu kinga, akawahimiza wenzake watumie risasi. Lakini mikono yake ilikuwa imeshakunywa miaka ya mwanzo. Madhara haya huja taratibu: ngozi kukauka, kucha kupasuka, kidonda kisichopona, kisha saratani. Alikatwa mkono wa kushoto na kidole cha kati cha mkono wa kulia. Aliendelea kufanya kazi. Alifariki tarehe 4 Juni 1921, akiwa na miaka 56.

Jiwe nililolifuata, mnara wa kumbukumbu ya waliokufa kwa kazi hii, liko bustanini, katika eneo la hospitali. Chama cha Röntgen cha Ujerumani kiliuzindua mnara huo tarehe 4 Aprili 1936. Jiwe la kwanza liliandikwa majina zaidi ya 150 ya waliokufa kwa miale ya eksi na radiamu, kutoka mataifa mengi. Mawe mengine yaliongezwa pembeni, na majina yamepita 350. Nilimpata Albers-Schönberg. Nilimpata Bergonié wa Bordeaux, Holzknecht wa Vienna. Maandishi yanawataja madaktari, wanafizika, wanakemia, mafundi, wafanyakazi wa maabara na masista wa hospitali, yaani wauguzi. Mafundi na masista. Kwenye vitabu vyetu hupati majina yao, na hapa yako sawa na ya maprofesa, kwenye jiwe moja, kwa ukubwa mmoja wa herufi.

Nilisoma kwa sauti ya chini, jina baada ya jina, hata yale ambayo matamshi yake siyajui. Nililia, na sioni haya kulisema.

Baadaye akatoka dada mmoja wa zamu kupumzika, kipima mionzi kikiwa kifuani. Nikamwonyesha kitambulisho changu cha kazi. Tulikaa benchi moja karibu nusu saa, simu ikitutafsiria. Kipima chake husomwa kila mwezi. Changu hupitia Tume ya Nguvu za Atomiki, Arusha. Akaniuliza tunapiga wagonjwa wangapi kwa siku, nami nikamuuliza wanafanyaje mtoto akikataa kutulia. Njia zetu zilikuwa zile zile, tofauti ni kwamba wao wana wanasesere wengi. Anapita mbele ya mnara ule kila siku, akasema, na wanafunzi wao huletwa hapo wiki ya kwanza.

Hilo nimelichukua. Kwa ruhusa ya mkuu wa idara, wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo sasa wanaanza kwa saa moja ya picha za safari hii kabla hawajagusa mashine: Bertha, kibanda cha zinki, mkono mbele ya skrini, sungura, jiwe la Hamburg. Kundi la kwanza lilikuwa na maswali mengi kuhusu masista wale, nami bado nakusanya ninayoweza kuwajibu. Nina picha za majina yote yaliyo kwenye mawe, moja moja, zinasomeka. Mwalimu yeyote wa mionzi anayezitaka kwa darasa lake na anijulishe, nitamtumia zote.